Nakala ya Ijumaa

Saa tatu na robo asubuhi Inspekta alikuwa amesimama kwenye kona ya chai ya ofisi isiyo yake, akisubiri birika la umeme lichemke. Hakuwa na kiu. Miaka ishirini na sita ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayekutengenezea chai hukwambia mambo ambayo ukimwekea daftari mbele yake hasemi ng'o. Na karani wa ofisi hii, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, alionekana kuwa na hamu zaidi ya kusema kuliko birika lilivyokuwa na hamu ya kuchemka.

"Ni kweli leo saa nane anapelekwa mahakamani?" karani aliuliza.

"Ni kweli."

"Kwa kosa gani hasa, dada?"

"Uzembe uliosababisha kifo."

Karani aliweka kikombe mezani kwa kishindo. "Yule mtu si mzembe! Yule ana ugonjwa wa kinyume chake."

Mtu aliyekuwa akizungumziwa ni Fundi Mkuu wa kampuni hii ya kutunza lifti, mwanamke wa miaka arobaini na minane, ambaye alikuwa selo tangu Jumatatu jioni. Jumatatu hiyo, tarehe kumi na saba, lifti ya jengo moja la ghorofa nane ilianguka kutoka ghorofa ya tano ikiwa na mlinzi wa jengo ndani yake. Mlinzi alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika. Fundi Mkuu alidai kwamba tarehe tatu alimwandikia Mkurugenzi wake barua pepe akitaka lifti ifungwe mara moja. Mkurugenzi alidai hakuwahi kuiona barua hiyo. Tena akatoa karatasi moja, barua ya Fundi Mkuu huyo huyo ya tarehe kumi na nne, inayosema lifti ni salama kabisa.

Leo ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini. Kwa karatasi ile moja, mama wa watu alikuwa njiani kwenda gerezani.

"Ugonjwa gani?" Inspekta aliuliza.

"Wa nakala. Kila Ijumaa ikigonga saa tisa alasiri, hata kama paa linawaka moto, anaacha kazi, anachomeka diski, ananakili barua pepe zake zote na mipangilio yote. Nakala tatu za mwisho hazifuti. Tunamwita Mama Nakala. Akipita tunamuuliza, 'Mama Nakala, wewe mwenyewe umeshajinakili wiki hii?' Anacheka tu, anaendelea."

"Mipangilio ndiyo nini?"

"Anwani za watu, namna programu ilivyopangwa, na yale maneno yanayojiandika yenyewe chini ya kila barua: jina, cheo, namba ya simu. Alikuwa anasema kubeba barua ukaacha mipangilio ni kama kuhama nyumba ukabeba vyombo ukasahau funguo."

Birika lilianza kuguna. Juu yake, ukutani, palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya utepe. Inspekta aliisoma kwa sababu alikuwa mtu wa kusoma kila kilichoandikwa, hata maelezo ya pakiti za sabuni. *Alhamisi, tarehe 6. Ndugu zangu, atakayemaliza maji ya birika alijaze. Birika halina kisima ndani.* Chini yake: *Fundi Mkuu, simu ya ndani 9.*

"Hiyo aliituma kwa barua pepe kwa ofisi nzima," karani alisema. "Hakuna aliyejali. Nikaichapa, nikaibandika. Bado hawajali."

Inspekta alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaomba orodha ya wafanyakazi. Karani alimpa karatasi. Upande wa mbele palikuwa na majina sita. Upande wa nyuma palikuwa na oda ya zamani ya vipuri, imepigwa mstari wa kalamu nyekundu.

"Usishangae, dada. Hapa karatasi inafanya kazi mara mbili ndipo inapumzika."

"Na neno la siri la kompyuta ya Fundi Mkuu, nani analo?"

"Maneno ya siri ya wote yako kwenye bahasha, droo ya Mkurugenzi." Karani alishusha sauti. "Dada, kuna kitu kingine. Kila Ijumaa huondoka na kiflashi kwenye mkoba. Nakala ya kupeleka nyumbani. Sijui kama aliwaambia."

Hakuwaambia. Au aliwaambia, na aliyekuwa akiandika maelezo usiku ule hakuona kama jambo hilo lina maana. Inspekta alimwita Koplo, msaidizi wake, aliyekuwa amejikunja mbele ya kompyuta ya Fundi Mkuu kwenye chumba cha pili.

"Umeona nini humo?"

"Pengo, afande. Barua zinafika hadi Ijumaa tarehe thelathini na moja ya mwezi uliopita, kisha kimya, kisha zinaanza tena juzi Jumanne. Za katikati hakuna. Nimeuliza na wanaowapa huduma ya mtandao: programu hii ikishashusha barua kwenye kompyuta, kwao inafutika. Kilichopotea hapa kimepotea kote."

"Diski yake?"

"Ina folda moja tu. Ya tarehe hiyo hiyo thelathini na moja. Za tarehe saba na kumi na nne hazimo."

"Chukua gari, nenda nyumbani kwake. Muulize mumewe kiflashi cha mkoba kiko wapi. Usirudi bila jibu."

Koplo alitoka mbio, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

*

Mkurugenzi alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alimkaribisha Inspekta kwa sauti ya msibani na kumvutia kiti.

"Mama Inspekta, mimi moyo unaniuma. Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja."

"Kompyuta yake ilipatwa na nini?"

"Ilikufa. Jumanne asubuhi, siku ya pili ya ajali, nikasema niifungue ili niwasaidie nyie polisi, ikagoma. Nikamwita fundi wa kompyuta. Akarejesha nakala ya mwisho iliyokuwepo kwenye diski."

"Ya tarehe thelathini na moja."

"Ndiyo. Baada ya hapo hakunakili tena. Unajua, alikuwa akikaimu kwa miezi minane. Tarehe tano mwezi huu nikamthibitisha, mimi mwenyewe nilisaini, soda zikanywewa. Nafikiri cheo kilimlevya kidogo. Akaanza kulegea."

"Na barua hii ya tarehe kumi na nne?" Inspekta aliigusa karatasi iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki. "Iliingia kwenye kompyuta yako?"

"Iliingia. Mimi nina utaratibu wangu. Barua ikiingia naichapa, naisoma, kisha naifuta kwenye mashine. Sipendi msongamano. Hiyo kwa bahati niliiweka kwenye faili."

"Ya tarehe tatu hukuichapa?"

"Ningechapaje kitu ambacho hakikuja?"

Alijibu bila kupepesa macho. Inspekta alishukuru, akatoka. Kama mtu huyu alikuwa anasema uongo, basi alikuwa ameupiga pasi pamoja na shati.

*

Fundi wa kompyuta aliletwa saa tano. Alikuwa mwanamume wa upara na mkoba mzito, na alikaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba amekikodi.

"Uliitwa lini?" Inspekta aliuliza.

"Jumanne, saa nne asubuhi."

"Kompyuta ilikuwa na tatizo gani?"

"Niliambiwa imekufa."

"Kaka, sijauliza uliambiwa nini."

Fundi alipangusa upara. "Iliwaka vizuri tu."

"Ukafanya nini?"

"Mkurugenzi alisema ana wasiwasi nayo, nirejeshe nakala ya kwenye diski. Nikafungua, nikakuta folda moja. Nikamwambia, mzee, hii ni ya zamani, nikiirejesha nitafunika wiki mbili na nusu za barua. Akasema rejesha."

"Na wewe ukarejesha."

"Mimi nalipwa kwa kuitwa, mama. Silipwi kwa kubishana."

Inspekta alikasirika, na hakuficha. "Kuna mtu amekufa na mwingine yuko selo, unanieleza habari za kubishana! Ulirejesha barua peke yake?"

"Barua na mipangilio," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Yule mama alivinakili pamoja, vinarudi pamoja. Programu yote inarudi kama ilivyokuwa siku ile ya nakala, hata maneno ya mwisho wa barua."

Inspekta alisimamisha kalamu.

"Rudia hapo."

"Maneno ya mwisho wa barua. Jina na cheo. Yanarudi yale ya siku ya nakala. Kama aliyabadilisha baadaye, mabadiliko yanapotea."

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa sita kasoro. Mkurugenzi aliniambia nisiizime, niiache wazi hivyo hivyo."

Fundi wa kompyuta alipomaliza kutia sahihi kwenye maelezo yake, Inspekta aliutoa tena ule mfuko wa plastiki. Alikuwa ameisoma barua ya tarehe kumi na nne mara nyingi, lakini kila mara aliishia kwenye maneno *lifti ni salama*, kwa sababu hapo ndipo macho ya kila mtu yalipoishia. Sasa alishuka mpaka chini kabisa.

*Kaimu Fundi Mkuu, simu ya ndani 4.*

Alivuka korido hadi kwenye kona ya chai na kusimama mbele ya tangazo la birika. *Tarehe 6. Fundi Mkuu, simu ya ndani 9.* Alisoma tangazo, akasoma barua, akarudi tena kwenye tangazo.

"Simu yake ya ndani ilibadilika lini?" alimuuliza karani.

"Siku ile ile aliyothibitishwa, tarehe tano. Alihamia chumba kile. Akabadilisha na maneno ya barua zake hapo hapo, hata soda hajamaliza. Tulimcheka."

*

Saa sita na nusu Koplo alirudi amenyong'onyea.

"Tumekwama, afande. Mumewe alinipa kiflashi bila shida, lakini binti yao alikichukua Jumapili kuwekea video za mahafali ya shule yao. Kilikuwa kimejaa, akafuta mafolda makubwa makubwa. Barua zote zimekwenda. Mtoto analia, baba analia, na mimi nusura niungane nao."

"Amefuta vyote?"

"Kimebaki kifolda kidogo tu kisicho na maana. Mipangilio."

Inspekta alimshika mkono kwa nguvu mpaka Koplo akashtuka. "Mipangilio ya tarehe ngapi?"

"Ijumaa iliyopita. Tarehe kumi na nne, saa tisa na dakika nane alasiri."

"Ifungue. Nisomee maneno ya mwisho wa barua."

Koplo alichomeka kiflashi kwenye kompyuta yake ndogo, akatafuta, akasoma polepole. "Fundi Mkuu. Simu ya ndani tisa."

"Mwite Mkurugenzi. Aje hapa hapa, kwenye birika."

Mkurugenzi alikuja akifunga vifungo vya koti. Karani alijifanya anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi tangu asubuhi.

"Nina maneno machache," Inspekta alisema. "Tarehe tano Fundi Mkuu alithibitishwa, akabadilisha maneno ya mwisho wa barua zake. Tarehe sita alituma tangazo hili, lina maneno mapya. Tarehe kumi na nne, saa tisa alasiri, alinakili mipangilio yake kwenye kiflashi; barua zilizokuwa humo zimefutwa, mipangilio imebaki, nayo ina maneno mapya. Barua yako wewe ya tarehe hiyo hiyo ina cheo cha zamani na simu ya chumba alichokwisha kuhama."

"Pengine alisahau."

"Hayaandiki yeye. Yanajiandika yenyewe. Kompyuta ile ilikuwa na maneno mapya mpaka Jumanne tarehe kumi na nane, ulipoamuru irejeshewe nakala ya tarehe thelathini na moja, zile mpya zikiwa zimekwisha kufutwa kwenye diski. Hapo ndipo maneno ya zamani yaliporudi. Kwa hiyo barua hii iliandikwa baada ya fundi wa kompyuta kuondoka, Jumanne baada ya saa sita, kalenda ya kompyuta ikiwa imerudishwa nyuma. Saa hizo Fundi Mkuu alikuwa selo kwangu anakula uji wa serikali. Wewe ulikuwa kwenye kiti chake."

Koplo alijisogeza mlangoni. Mkurugenzi akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Alitabasamu.

"Mama Inspekta, una akili. Lakini wapo watu sita katika ofisi hii, na fundi wa kompyuta wa saba. Yeyote angeweza kuniwekea barua hiyo. Na hata ukiitupa, bado yule mama alikuwa na jukumu la lifti ile. Anasema alinionya. Ninyi onyesheni onyo. Halipo kwenye kompyuta yake, halipo kwenye yangu, halipo kwenye diski, halipo kwenye kiflashi. Bila onyo, lifti ilikuwa yake na marehemu ni wake."

Inspekta alijua kwamba mtu huyu, kwa bahati mbaya, alikuwa anasema kweli. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro kumi. Aliangalia chini ili hasira yake isionekane, na macho yake yakaangukia orodha ya wafanyakazi iliyokuwa juu ya daftari lake. Ilikuwa imelala kifudifudi. Ilionyesha oda ya vipuri.

*Naichapa, naisoma, kisha naifuta kwenye mashine.*

"Dada," alimwita karani bila kugeuka. "Mkurugenzi akishasoma karatasi zake, anazipeleka wapi?"

"Kwenye trei ya kando ya mashine ya kuchapa."

"Na wewe?"

"Mimi nazirudisha ndani, nachapa upande wa pili." Karani aliacha kusugua kikombe. "Nimeshakwambia, dada, hapa karatasi..."

Hakumaliza. Wote wanne walikuwa wameinua macho kutazama ukuta.

Mkurugenzi alipiga hatua moja. Koplo alipiga mbili, akasimama kati yake na birika. Inspekta alivaa glavu, akabandua utepe kwenye kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karatasi ilikuwa imejikunja kwa mvuke wa wiki mbili. Aliigeuza.

Upande wa pili, juu kabisa, palikuwa na jina la sanduku la barua la Mkurugenzi na maneno *Imepokelewa Jumatatu, tarehe 3, saa 4:20 asubuhi.* Inspekta aliisoma kwa sauti, kwa sababu alitaka kila mtu aisikie.

"Mheshimiwa, nimetoka kuikagua lifti ya lile jengo. Nyuzi za kebo kuu zimeanza kukatika, nimehesabu kumi na saba. Naomba ruhusa tuifunge leo, tusingoje kesho. Wapangaji wanaweza kupanda ngazi. Mlinzi wa pale anaipanda mara nane au tisa kwa siku, akipeleka mizigo ya wazee wa juu. Naomba jibu."

Pembeni, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na jibu ambalo halikutumwa. *Tusubiri wasaini mkataba mpya.*

Karani aliziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Mkurugenzi alitafuta kiti, akakosa, akaegemea ukuta pale pale palipobaki alama nne za gundi.

"Huo ni mwandiko wa nani?" Inspekta alimuuliza karani.

"Wake," karani alisema huku machozi yakimtoka. "Na mimi ndiye niliyeichapa hii. Sikugeuza, dada. Wiki mbili nimechemsha chai chini yake, sikugeuza."

*

Saa saba na nusu, mlango wa selo ulifunguliwa. Fundi Mkuu alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, viatu amevipanga kando kwa unadhifu. Inspekta alikaa karibu naye, akamweleza yote kwa mpangilio: kiflashi, mipangilio, birika, kalamu nyekundu. Alimwambia kwamba hapelekwi mahakamani, na kwamba atakayelala hapa leo ni mwingine. Mumewe na binti yake wako nje wanangoja.

Alitegemea kilio cha furaha. Fundi Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hakuniambia hapana?"

"Hakukwambia chochote. Aliandika pembeni, akaitupa kwenye trei."

"Nilingoja jibu wiki mbili." Alivuta kiatu kimoja, akakishika mkononi bila kukivaa. "Barua ile niliinakili tarehe saba. Nikainakili tena tarehe kumi na nne. Nikapeleka na nyumbani. Nilijiambia, likitokea la kutokea, ushahidi ninao."

"Na umekuokoa."

"Swichi ya lifti ile iko ghorofa ya juu, Inspekta, ndani ya kisanduku cha kijivu. Unaishusha kwa mkono mmoja. Sheria yetu inasema tusiishushe bila ruhusa ya Mkurugenzi." Aliangalia mkono wake wa kulia. "Nilisimama mbele yake siku ile. Kisha nikarudi ofisini kuandika barua."

Inspekta alichukua kiatu cha pili na kumsogezea.